Taa Zilizopinduka Mgongoni

Johannesburg, 5 Februari 2017

Mpendwa Shangazi Thérèse,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi huku tu wazima. Baba bado analinda lile jengo la Sandton, ila wamembadilishia zamu, sasa anafanya ya mchana, na kila jioni anarudi na gazeti lililokwisha kusomwa na watu wengine. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la nyuzi, lakini anasema usihangaike. Murielle ametimiza miaka kumi na mitatu na amenizidi urefu kwa nusu kidole, jambo analolitangaza hata kwa watu wasiomuuliza.

Baba alinieleza masharti yako. Nayarudia ili ujue nimeyaelewa. Nitasoma nyumbani mwaka huu mmoja. Nitakuandikia kwa mkono, kwa Kiswahili cha kueleweka, wala si kwa simu, kwa sababu umesema kwenye simu kila mtu ni msomi. Barua zitabebwa na Mama Denise, anayefuata bidhaa huku kwa basi. Mwaka ukiisha utasema kama nibaki na Mama au nije Lubumbashi kwenye bweni la masista, ambako umeniwekea kitanda. Nimeelewa, Shangazi. Na nakwambia mapema kwamba nataka kubaki.

Sikufukuzwa shule. Nilimaliza darasa la tisa na alama zangu za kwenye karatasi hazikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba mwalimu akiniita nisimame nijibu, sauti ilikataa kutoka. Wenzangu wakaanza kuhesabu. Nikisimama, darasa zima linahesabu polepole, moja, mbili, tatu, kuona nitafika ngapi kabla sijakaa. Siku moja Mama aliniletea sweta niliyosahau, akasimama dirishani, akasikia wamefika kumi na tisa. Tulitembea pamoja hadi tukavuka zile taa za barabarani ambazo huku tunaziita robot. Ndipo akasema, "Mwakani utasoma na mimi. Na mdogo wako pia, kabla hajajifunza kuhesabu watu."

Najua utauliza habari za cheti. Kuna mama mmoja Mkenya, anaitwa Kemunto, anafanya kazi kwenye benki iliyo ndani ya jengo la Baba. Watoto wake wanasoma nyumbani kwa vitabu vya shule ya mbali, na mtihani wanaufanya kama watahiniwa wa kujitegemea. Ametupa vitabu vya darasa la kumi na la nane, na kwa Murielle Mama amepeleka maombi ya ruhusa kwenye ofisi ya elimu. Cheti kipo mbele, Shangazi, hatujakitupa.

Lakini ngoja nikuambie jambo la jana, maana nimeshindwa kutulia tangu hapo. Mama alikuwa anakata sketi ya duara. Kiuno sentimita sabini. Akagawanya kwa sita, akatoa nusu sentimita, akachora duara la kiuno kwa kipimo hicho. Nikauliza kwa nini sita. Akasema, "Sijui. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu kule Likasi. Wewe ndiye uliyesoma, nitafutie." Nikakaa na kipande cha chaki nusu ya asubuhi. Shangazi, ni pai! Ni pai mara mbili, sita na kitu kidogo, na kile kitu kidogo ndiyo nusu sentimita anayoitoa. Miaka miwili nimeikariri pai bila kujua ni ya nini, kumbe Mama anaivalisha watu. Nilipomwonyesha aliweka mkasi chini akasema, "Basi yule mzee alikuwa mwanahesabu na hakuna aliyemwambia."

Pokea salamu za wote.

Mtoto wako,
Héritière


Lubumbashi, 19 Machi 2017

Héritière, mtoto wa mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, imekunjwa vibaya lakini inasomeka. Huku mvua bado zipo na barabara ya kwenda sokoni imekuwa mto. Afya yangu ni nzuri. Magoti ni ya umri wangu.

Nilikuwa mkuu wa shule miaka ishirini na sita. Nimeona wazazi wengi waliotaka kuwaficha watoto wao ndani wakidhani wanawaponya. Sketi ya duara ni jambo zuri, lakini sketi si shule. Shule ni ratiba, ni kuamka ukijua saa hii ni ya nini. Nataka unijibu: wifi yangu Hélène anaanzaje siku? Na mtoto akikataa kufungua mdomo, anamfanya nini? Usiniambie anamwombea tu. Mimi pia niliwaombea, na bado niliwapa kazi.

Baba yako ameniambia kanisa lenu linatimiza miaka kumi na mitano mwezi wa tisa. Namkabidhi Denise vitenge sita, kila kimoja yadi sita, zawadi yangu kwa kwaya ya akina mama. Wako kumi na wawili, kwa hiyo kila kitenge ni magauni mawili, hakuna ziada. Mikono na vilemba mtatafuta kitambaa cheupe huko. Kazi ya kukata nataka uifanye wewe. Mtihani wako ndio huo.

Alama: 9 juu ya 20. Umeniambia unachotaka kabla sijakuuliza.

Shangazi yako,
Thérèse


Johannesburg, 2 Mei 2017

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi na pole kwa magoti. Baba anasema uyafunge kwa kitambaa cha sufu jioni, na Mama anasema usimsikilize Baba. Kikohozi chake kimepona. Murielle anajifunza kutia vifungo na ameshona kimoja kwenye kitambaa cha meza.

Nimesoma 9 yangu mara nyingi. Sasa najibu.

Saa mbili asubuhi tunapanda ngazi hadi chumba cha kushonea cha Mama, ghorofa ya tatu. Jengo letu lilikuwa la ofisi zamani. Kanisa liko chini, palipokuwa duka la samani, na sisi tuko juu yake, kwa hiyo siku za mazoezi ya kwaya mashine zetu zinashona kwa mdundo wao. Lifti haifanyi kazi. Ngazi ni hamsini na nne na Murielle anazipanda akitaja jedwali la sita, ngazi moja kwa kila jibu, akikosea anarudi chini. Eish, kuna siku alifika saa tatu.

Mkasi haushikwi kabla ya Neno. Tunasoma kwa zamu, aya moja moja, tumezunguka meza ya kukatia. Juma la kwanza zamu yangu ilipofika nilinyamaza. Umeuliza Mama anafanya nini: hakufanya kitu. Aliweka kibanio kwenye aya yangu, akafunga kitabu, akaanza kazi. Kesho yake akafungua palepale, akangoja kidogo, akafunga. Hatukusonga mbele. Siku ya tano Murielle akasema, "Dada, tafadhali, mimi nataka kujua hawa watu walifika au hawakufika." Nikaisoma. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua, lakini niliisoma, na tukasonga. Walifika.

Baada ya hapo ni vitabu vya Mama Kemunto hadi saa sita, na mchana ni kazi za mikono. Mambo yanaingiliana, hata sijui somo moja linaishia wapi. Juzi tulichemsha wanga wa muhogo kwa ajili ya kola, na kitabu cha sayansi kikawa wazi pembeni kikieleza kwa nini unaganda.

Halafu Fordsburg, mtaa wa wauza vitambaa! Tulikwenda kutafuta zipu kwenye duka la bwana mmoja anayeitwa Burhani. Mama yake, Bi Biubwa, ni mtu wa Unguja, anakaa kwenye kiti karibu na vifungo na kuwasemesha wateja wote kwa Kiswahili, wakielewa wasielewe. Akanitazama.

"Na huyu mkubwa, mbona kimya? Ulimi kauacha nyumbani?"

Murielle akadakia, "Huyu tunamsemea sisi, Bibi. Ni malkia."

"Malkia asiyetoa amri? Haya, na akae karibu yangu, mimi natoa za watu wawili."

Nilicheka, Shangazi, ila sikusema kitu. Nilitaka.

Vitenge vimefika. Mama Denise alivibeba chini ya miguu yake njia nzima. Tulivifungua mezani. Ile buluu, na zile taa za mafuta za manjano, kila moja na kishikio chake na mwali wake. Nimeziota. Nitakata mwezi wa sita, kwanza nafanya majaribio kwa karatasi.

Wako,
Héritière


Lubumbashi, 11 Juni 2017

Héritière,

Tuko salama. Baridi imeanza.

Habari ya kibanio nimeisoma kwa makini. Ni mbinu ndefu. Mkaguzi wa shule angeikataa.

Nina swali jingine, na nauliza ili nipate kuhukumu vizuri. Tuseme mtoto hakatai kusoma tu. Tuseme anaketi na kulaza paji la uso juu ya meza asubuhi nzima, hataki kitabu, hataki kalamu, hata chai inapoa mbele yake. Hélène angefanya nini? Muulize, uniandikie maneno yake mwenyewe.

Alama: 13. Hii ya ngazi na jedwali la sita imenichekesha, ingawa si vizuri mwalimu kucheka wakati wa kusahihisha.

Shangazi yako


Johannesburg, 20 Julai 2017

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu. Wote wazima. Baba anakusalimu. Huku pia ni baridi, maji ya bomba asubuhi yanauma mikono.

Nilimuuliza Mama swali lako. Amesema angempa kitu mikononi.

Tumemaliza sura ya nne ya hisabati. Murielle ameanza kujifunza Kizulu kwa mama anayeuza mahindi nje ya jengo, na sasa wanatucheka wote wawili.

Samahani kwa ufupi, Mama Denise anaondoka leo.

Héritière


Lubumbashi, 16 Agosti 2017

Héritière,

Barua yako haina taa hata moja. Mwezi wa tano ulikuwa unaziota, mwezi wa saba umezisahau. Mimi nimesoma insha za watoto miaka ishirini na sita, na ninajua pengo linafananaje.

Masista wanataka jibu kuhusu kitanda kabla ya Krismasi. Nimewaambia wangoje.

Na lile swali langu ulilijibu kwa mstari mmoja. Kitu gani mikononi? Kizito au chepesi? Cha kushona au cha kusoma? Nahitaji jibu kamili, na unijibu mapema.

Sitoi alama kwa karatasi ambayo haijajibiwa.

Thérèse


Johannesburg, 30 Septemba 2017

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu, na safari hii sitauliza sana habari za nyumbani kwa sababu nikichelewa nitaogopa tena. Ulikuwa sahihi kuhusu pengo. Niliharibu vitenge vyako.

Ilikuwa tarehe 27 Juni. Mama alikuwa amekwenda kupanga foleni ya kuongeza muda wa karatasi zetu za ukaazi, na foleni ile ni ya siku nzima. Aliniambia nikate gauni moja, nimngoje. Lakini nilikuwa nimefanya hesabu na nilijiona mjanja. Kila gauni lina mbele na nyuma, magauni kumi na mawili ni mikato ishirini na minne. Nikawaza, nikikunja kitambaa katikati, kichwa kikakutana na miguu, nitakata mbele na nyuma kwa pamoja. Mikato kumi na miwili tu! Nilitaka Mama akirudi akute yote tayari. Nilikata kutwa nzima nikiimba, na Murielle alishikilia ncha.

Jioni nikavifungua ili kuvipanga. Mbele zote zilikuwa nzuri. Nyuma zote taa zilikuwa kichwa chini.

Unaelewa, Shangazi, wewe uliyekichagua: kitenge kile kina juu na chini. Ukikikunja kichwa kwa miguu, tabaka la chini linapinduka. Kingekuwa na maua, hakuna ambaye angejua. Taa kila mtu anajua zinasimama vipi.

Mama aliporudi alikaa kwenye kiti akiwa bado na mkoba begani. Hakunigombeza. Alisema, "Kazi uliyoikata wewe, utaieleza wewe. Kwaya wanakuja kupima mwishoni mwa mwezi wa saba. Una majuma manne ya kutafuta maneno." Ndiyo maana barua ya Julai ilikuwa vile. Maneno sikuwa nayo. Usiku ule Baba alichukua nyuma moja, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema tu, "Dada yangu mkubwa, Yaya Thérèse, ataona." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilijua kitanda cha masista kinaningoja.

Wakaja, wote kumi na wawili. Kiongozi wao ni Mama Victorine, anasuka nywele kwenye jengo la pili na sauti yake inafika kabla yake. Naandika alivyosema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, usinikosoe hapa. Akavaa gauni lililoungwa kwa pini, akajitazama mbele, akafurahi, akageuka kwenye kioo.

"Mama Hélène. Hizi taa za mugongo zinamwanga mafuta."

Wakacheka. Mwingine akasema labda ndiyo mtindo wa Johannesburg. Mwingine, sitamtaja, akasema, "Banatoa mutoto ku masomo, njo matokeo haya." Na Mama Victorine akauliza, "Tunaingia kanisani kwa kucheza, tunatoka ku mulango mupaka mbele. Batu bote bataona nini? Mugongo! Nani alikata?"

Mama akaendelea kuchomeka pini. Hakunitazama. Ilikuwa kibanio tena, Shangazi. Aya yangu ilikuwa mezani na kila mtu alikuwa anangoja, ila safari hii hakuna aliyehesabu.

Nikachukua karatasi, nikachora taa mbili, nikaikunja mbele yao. Nikasema, "Ni mimi. Nilikunja hivi. Nilipaswa kukunja hivi." Mara ya kwanza sauti haikusikika. Mama Victorine akasema, "Rudilia, hao ba nyuma habasikie." Nikarudia. Nikaeleza hesabu yangu ya mikato kumi na miwili, nikaeleza ilipokosea, halafu nikaonyesha nilichofikiria majuma yale manne. Kila nyuma iliyopinduka itapasuliwa vipande vitatu vya kunyooka, upana sentimita kumi na sita. Kila kipande kinageuzwa, taa zinasimama. Katikati yake na pembeni tunaweka kitambaa cheupe chembamba juu, kipana chini, ili gauni lichanue. Chini tunaongeza pindo jeupe kwa sababu urefu utapungua. Nilizungumza mpaka karatasi zikaniishia. Murielle anasema ni dakika kumi na tano. Alikaa ameziba mdomo wake kwa mkono, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Mama Victorine akaichukua karatasi akaikunja mwenyewe, mara mbili, tatu. Akasema, "Mie pia ningekunja vile." Kisha akavua gauni. "Pasua."

Cheupe hakikutosha. Nikaenda Fordsburg, na Mama akanituma peke yangu. Bi Biubwa akachungulia nyuma yangu.

"Leo malkia hana msemaji?"

"Leo nimekuja na amri, Bibi. Nataka pamba nyeupe mita kumi na nane, isiyoshika rangi ya buluu ikifuliwa pamoja."

Akamwita mwanawe, "Burhani! Acha simu, njoo umpimie huyu. Na umpimie kwa adabu."

Tulishona Agosti yote. Mimi na Mama kwenye mashine, Murielle kwenye pini, Mama Victorine akija kila akimaliza kichwa cha mteja. Na Jumapili iliyopita, tarehe 24, wakaingia. Kanisa lilijaa hadi ngazini. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa hiyo niliona migongo tu. Buluu, nyeupe, buluu, nyeupe, na kila wakizunguka cheupe kinafunguka na taa zinatokea, zote zimesimama. Shangazi, watu walidhani tulikusudia! Mama mmoja wa kanisa jingine ameshauliza fundi ni nani, na Mama Victorine amemwambia, "Ni yule pale, lakini umuulize polepole."

Sasa swali lako. Mama amefikiria sana, na haya ndiyo maneno yake: "Asimpe kazi mpya, atazidi kuogopa. Ampe kitu kilichoharibika na mtu mwingine, amwambie atafute kosa liko wapi. Anayelaza uso mezani anadhani yeye peke yake ndiye anayekosea."

Kwa hiyo nakutumia nyuma moja. Zilikuwa kumi na mbili, tulipasua kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mama mwembamba kuliko wote, tukampatia mabaki ya wengine. Hii haijaguswa. Taa zimepinduka kama nilivyozipindua. Ndiyo karatasi yangu ya mtihani. Uisahihishe.

Héritière


Lubumbashi, 12 Novemba 2017

Mpendwa binti yangu Héritière,

Msalimu baba yako, na wifi yangu Hélène msalimu mara mbili. Mvua zimerudi. Magoti yanauma na nimeyafunga kwa sufu.

Nina jambo ambalo sikuwaambia, na nikikupa alama bila kulisema nitakuwa mwizi.

Unamkumbuka Kabedi, mjukuu wangu, ambaye mama yake anafanya kazi Kolwezi. Ana miaka kumi na minne. Januari, kabla hujaniandikia barua ya kwanza, alikataa kurudi shuleni. Shule yangu, Héritière, niliyoiongoza. Alikuwa ameanguka mtihani na wenzake wakampa jina. Nilimpiga kelele, nikampeleka kwa mkono, akarudi peke yake kwa miguu. Baadaye akanyamaza, akawa analaza uso kwenye meza yangu ya kulia chakula. Majirani niliwaambia ana malaria. Malaria ya miezi kumi. Walikuwa wananiletea majani.

Nilikutaka uniandikie ili nitafute makosa ya Hélène. Barua ya pili nilimsomea Kabedi kwa sauti ili tu chumba kisiwe kimya. Kwenye ngazi na jedwali la sita aligeuza uso upande mmoja. Tangu hapo nimekuwa nakuuliza maswali kama hakimu, na nilikuwa nauliza kama mtu aliyekwama. Nilianza siku zetu kwa aya, nikaweka kibanio. Sisi tulikaa kwenye aya moja hadi juma la pili.

Kitambaa chako kilipofika nilikitandika mezani, nikamwambia, "Fundi mmoja aliharibu hiki. Mimi sioni alipokosea." Nilikuwa nimeona, bila shaka. Nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa amechana ukurasa wa daftari langu, amechora taa mbili, anakunja na kukunjua. Akasema, "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "hakukosea kukata. Alikosea kukunja." Halafu, "Ni mtu mzima?" Nikasema, "Ni Héritière." Akasema, "Yule wa barua? Na wamemwacha aendelee?"

Nikamwambia ndiyo.

Nimewaandikia masista wampe mtoto mwingine kile kitanda. Baba yako nimempigia simu. Alilia kidogo, usimwambie nimekuambia. Utabaki na Hélène, na mtihani wa cheti utaufanya kwa vitabu vya yule mama Mkenya, na mimi nitataka kuona matokeo, maana mimi bado ni mimi.

Barua yako haina alama. Sio kwamba haistahili. Kalamu nyekundu ameichukua Kabedi anachorea mistari ya kupasua, upana sentimita kumi na sita kama ulivyoeleza, na hajairudisha.

Chini hapa ameandika mwenyewe.

Shangazi yako,
Thérèse

Dada Héritière. Nimepasua viwili, cha tatu kimepinda. Ungenipa ngapi juu ya 20? Kabedi.


Johannesburg, 3 Desemba 2017

Shangazi mpendwa,

Barua yako tumeisoma kwa zamu mezani, aya moja moja, na zamu yangu ilipofika ilikuwa ile ya kitanda. Niliisoma kwa sauti mpaka yule mama wa mahindi kule chini akauliza kwa Kizulu kuna nini. Murielle alimjibu kutoka dirishani. Baba alijifanya anasoma gazeti, nalo lilikuwa la juma lililopita. Mama alikata mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto.

Asante, Shangazi. Sina zaidi ya hilo, na kwako najua ufupi huu hautakuwa pengo.

Ukurasa huu uliobaki ni wa Kabedi.

Kabedi, alama sina. Hapa kwetu hazitolewi. Ukimaliza kazi Mama anauliza kitu kimoja tu: kesho ukianza upya, utaanzia wapi? Mimi nilijibu kwamba nitakitandika kitambaa chote kwanza, nikizunguke, nizitazame taa kabla sijashika mkasi. Hicho cha tatu kilichopinda usikifumue bado. Kitandike kando ya vile viwili, utafute kilipoanza kupinda, kisha uniambie mkono wako ulikuwa wapi na macho yako yalikuwa wapi.

Nakutumia chaki ya kushonea, nyeupe, umrudishie Koko kalamu yake. Na uniandikie kwa mkono, si kwa simu. Mama Denise anaondoka huko tarehe kumi na nane.

Héritière